Mvinyo wa nyumbani ukichachuka kwa fujo, fanya hivi

Juzi mdogo wangu kanipigia saa tano usiku, "kaka, povu linatoka juu ya chupa na kuna kitu kinapiga mluzi, nikaze kizibo?" Nikamwambia usikaze, legeza. Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima mpaka ikatulia, nikaona bora niandike yote sehemu moja manake maswali yake ndiyo yaleyale niliyokuwa nayo mimi nilipoanza.

Kwanza elewa kinachotokea. Hamira ikila sukari inatoa pombe, inatoa gesi ya kaboni dioksaidi na inatoa joto. Juisi yenye gramu 200 za sukari kwa lita, kila lita moja itatoa kama lita 50 za gesi mpaka sukari iishe, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni karibu lita elfu moja, na sehemu kubwa inatoka siku chache za mwanzo. Gesi yote hiyo lazima ipite mahali, usipoipa njia inajitafutia yenyewe, na hapo ndo vifuniko vinaruka na chupa za kioo zinapasuka.

Hatua ya 1: fungua, ila taratibu

Kama kizibo cha maji (kile kidude chenye maji ndani kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) jana kilikuwa kinatoa mapovu mbio mbio na leo kimenyamaza ghafla wakati povu bado lipo juu, usidhani kazi imeisha, kimeziba. Funika kwa taulo, geuza uso pembeni, legeza kidogo upande mmoja uache ifoke, ndo utoe chote. Fungua madirisha. Hii gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo usiinamishe kichwa ndani ya ndoo, na chumba kidogo kisichopitisha hewa asilale mtu humo wala mnyama.

Hatua ya 2: punguza ujazo

Yenye matunda ndani isizidi theluthi mbili ya chombo, juisi tupu robo tatu. Imezidi? Gawa vyombo viwili. Basi.

Hatua ya 3: weka kizibo pembeni, tumia mpira mnene wa kupitishia gesi

Hapa ndipo mi nilipoteza usiku mzima, kwa hiyo ntaeleza kwa kirefu. Kile kizibo kidogo cha maji tundu lake ni jembamba, kinafaa mvinyo ukishatulia, sio siku za mwanzo. Povu likipanda linabeba vipande vya maganda, vinakwama, presha inapanda. Nilikuwa nakisafisha, nakirudisha, baada ya nusu saa kimeziba tena, nikaendelea hivyo mpaka alfajiri na ukuta wote umeloa zambarau.

Tafuta mpira wa plastiki ya kuwekea chakula, mpana kadiri shingo ya chupa itakavyokubali, na ukiweza kuuchomeka shingoni moja kwa moja ukabana wenyewe ndo bora zaidi. Mi nilianza na ule mwembamba wa kuhamishia mvinyo, ganda moja tu la zabibu likauziba, yaani nikawa nimehamisha tatizo toka kwenye kizibo kwenda kwenye mpira. Kipenyo cha ndani cha sentimita mbili na nusu kinapitisha karibu kila kitu. Ncha ya pili ishushe kwenye jagi kubwa la maji lililo chini kuliko chupa, na hapo kuna mambo ya kuangalia: ncha izame sentimita mbili tatu tu, jagi lisifunikwe kwa kubana manake utakuwa umeziba tena mlemle, liweke ndani ya beseni kwa sababu povu litalijaza na kumwagika, na mpira usiwe na mkunjo popote. Maji ya jagi badilisha kila siku, yanachacha na kuita inzi wadogo wa matunda. Povu lililoingia jagini usilirudishe kwenye mvinyo hata kama unaona hasara.

Na hili sikuambiwa na mtu: ukipoza chupa (hatua inayofuata), hewa ya ndani inasinyaa na maji ya jagi yanaweza kuvutwa kupanda mpaka ndani ya mvinyo. Ndo maana nasema ncha isizame sana, na maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, ukiwa na salfaiti (dawa ya kuua vijidudu kwenye mvinyo) tia kidogo humo.

Ila kama una maganda ndani, ushauri wangu ni uachane na chupa kabisa siku hizi za mwanzo. Ndoo ya mdomo mpana, kitambaa safi juu, kamba, imeisha hiyo. Gesi inatoka kwa nguvu kiasi kwamba hewa ya nje haina nafasi kubwa ya kuharibu, na hamira yenyewe mwanzoni inahitaji oksijeni kidogo. Mi sirudi tena kwenye kioo kwa hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: shusha joto

Pima ndani ya mvinyo, sio chumbani, manake ndani huwa kuna joto zaidi. Mwekundu 20 hadi 28 sentigredi ni sawa, mweupe chini ya 18. Ukipita 30 anza kupoza, ukikaribia 35 hamira inaanza kuchoka na kufa na mvinyo unaweza kukwama una sukari nusu. Weka chombo kwenye beseni la maji, zungushia chupa za maji yaliyoganda, au taulo bichi na feni. Barafu usitie ndani, na chupa ya kioo yenye moto usiimwagie maji ya baridi kali, itapasuka. Shusha polepole, ukiishtua hamira inalala na kuiamsha ni kazi kuliko hili povu.

Hatua ya 5: usimwage kitu cha unga

Sukari, chakula cha hamira, chochote kikavu ukikimwaga kwenye mvinyo uliojaa gesi, gesi yote inatoka kwa mpigo na nusu ya ndoo iko sakafuni. Koroga kwanza taratibu itoe gesi, kisha yeyusha kitu chako kwenye maji kidogo, mimina kidogo kidogo. Na salfaiti ya kuua hamira kisa ina fujo, hapana, fujo ni dalili kwamba iko hai.

Hatua ya 6: zamisha maganda, subiri

Mara mbili kwa siku yasukume chini, manake yakielea juu yanazuia gesi na yanashika joto na ukungu. Haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki) ikifika kama 1.010 chuja, hamishia kwenye chupa ya kioo ukijaza mpaka karibu na shingo, na sasa ndo urudishe kile kizibo cha maji.

Mara ijayo angalia na hamira: ya mkate inatoa povu jingi, EC-1118, hamira maalumu ya mvinyo, inatoa kidogo sana na inavumilia kuanzia 10 hadi 30 sentigredi. Mdogo wangu alikuwa ametumia ya mkate, kwenye chupa iliyojaa mpaka shingoni.