Namna ya Kusoma Tangazo Kabla ya Kulipia Urahisi

Mwanafunzi anayetoka Kasapa, iliko kampasi ya chuo kikuu, kuelekea katikati ya mji wa Lubumbashi hupita mabango ya kila namna, na mengi yanamuuzia kitu kimoja, yaani urahisi: mega za intaneti zinazoingia papo hapo, jiko lisilo na moshi, mchuzi usiohitaji kukaangiwa vitunguu, betri itakayomwangazia wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa zamu. Sina ugomvi na urahisi. Aliyewahi kupuliza makala (makaa) yaliyolowa alfajiri ya siku ya mtihani hawezi kuudharau. Ninachopendekeza ni kulisoma tangazo mpaka ahadi yake igeuke kuwa gramu, saa, wati au franka, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kulinganishwa na kujumlishwa kabla mkono haujaingia mfukoni.

Anza na shida inayotajwa, bidhaa yenyewe ingoje. Jiulize kama shida hiyo ulikuwa nayo jana, kabla hujaliona bango, na kama ulikuwa nayo, uliimalizaje. Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 ili kuua vijidudu wakati wa upasuaji. Katika miaka ya 1920 kampuni yake iliitangaza kwa nguvu kama tiba ya harufu mbaya ya kinywa, ikiwaonyesha vijana wanaokosa wachumba bila kuambiwa sababu, na mauzo yakapanda sana ingawa dawa haikuwa mpya. Ukikuta tangazo linalotumia nusu ya muda wake kukutia aibu, hesabu kwamba nusu hiyo haijakueleza lolote kuhusu kitu unachonunua.

Shida ikiwa ya kweli, tafuta kipimo. Betri ya akiba ya simu, ile inayoitwa pawabanki, inafaa kutazamwa kwa makini, maana hapa kwetu umeme unapokatika jioni ndiyo inayoamua nani atasoma na nani atalala. Ganda lake huandikwa, tuseme, miliampea-saa (mAh) 10,000, kipimo cha chaji ambayo betri hubeba. Hesabu hiyo kwa kawaida ni ya seli za ndani, ambazo hufanya kazi kwa volti 3.7, kwa hiyo nishati yote ni wati-saa 37. Simu nayo huchajiwa kwa volti 5, na kwa volti hizo wati-saa 37 ni miliampea-saa 7,400 tu, kisha sehemu nyingine hupotea kama joto wakati wa kubadilisha volti. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na nusu hivi, wala si mara mbili kama mtu anavyodhani akigawanya namba ya ganda. Huo si udanganyifu. Ndivyo vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Udanganyifu uko kwingine, na mizani huugundua. Seli ya mviringo ya ukubwa wa 18650, ambayo hutumika sana ndani ya vifaa hivi, ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo nzuri hubeba miliampea-saa kati ya 2,500 na 3,500. Ili kufikisha 30,000 zinahitajika seli zisizopungua tisa, yaani zaidi ya gramu 400 kabla hujahesabu ganda. Kwa hiyo, ukiwa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kijana akikuonyesha pawabanki ya 30,000 iliyo nyepesi kama simu ya kawaida, mwombe ruhusa uende naye kwa mama anayeuza samaki wa barafu kwa kilo, umwambie kwa heshima, «Mama, unisaidie kidogo na mizani yako.» Ikisoma gramu 200, mazungumzo yamekwisha, hata kama bei imeshushwa mara tatu mkiwa njiani. Muuzaji mwenye bidhaa halali hakatai kupimiwa, na mara nyingi atafurahi mbele ya wateja wengine.

Kwenye vifurushi vya mega kipimo kimeandikwa wazi, lakini kuna cha pili ambacho wengi hukiruka, nacho ni muda. Tuchukue bei za mfano. Kifurushi cha saa 24 kinatoa mega 600 kwa franka 1,200, na cha siku 30 kinatoa mega 3,000 kwa franka 12,000. Tangazo la kwanza lina haki ya kujisifu, kwa kuwa mega moja ni franka 2 dhidi ya franka 4. Sasa fungua simu yako, nenda kwenye mipangilio ya matumizi ya data, utazame unachokula kwa siku. Ikiwa ni mega 100, basi vifurushi vya kila siku vitakugharimu franka 36,000 kwa mwezi, na kila saa 24 zikiisha mega 500 ulizolipia zitakufa, ilhali kifurushi cha mwezi kitatosha kwa theluthi ya pesa hizo. Gawanya bei kwa mega utakazotumia, si kwa mega utakazopewa. Ukiwa mtu wa video, saa moja huweza kula mamia ya mega, na hapo hesabu inaweza kugeuka. Zima pia upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe ndani ya WhatsApp, kwani makundi ya promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) na ya familia hula mega za mtu aliyelala.

Ukishapata kipimo, tafuta kazi ambayo tangazo halikuionyesha. Jiko la umeme, ambalo wengi huliita resho, huonyeshwa likikaanga yai. Halionyeshwi likisongewa bukari (ugali), kazi inayotaka sufuria iliyotulia na mwiko wa kusukumwa kwa nguvu, ilhali resho nyepesi huteleza mezani na sufuria hutaka mtu wa pili wa kuishika. Uliza pia umeme utatoka wapi na kwa waya gani. Resho ya wati 2,000 kwenye volti 220 huvuta ampea 9 hivi, na rallonge (waya wa kurefushia umeme) nyembamba iliyokusudiwa taa moja na chaja mbili itapata moto kabla maji hayajachemka. Anayenunua resho ananunua na waya mnene, na bado atahitaji mbabula, yaani jiko la makala, na makala akibani kwa siku ambazo umeme utarudi saa nane za usiku. Gharama hizo zote ziingie katika bei ya jiko.

Kuhusu vyakula vya sasheti sina mengi. Gawanya bei kwa gramu, na mara nyingi utaona kwamba maziwa ya unga ya kopo ni nafuu kuliko ya vipakiti, lakini mwanafunzi asiye na pesa ya kopo zima hakosei anaponunua kidogo kidogo. Dawa yake ni likelemba, yaani kuchangiana pesa, ya watu watatu wa chumba kimoja, ilimradi wakubaliane mapema nani atashika kijiko.

Mwisho, soma maandishi madogo kabla ya makubwa. Nyota ndogo pembeni ya bei ina maelezo yake chini ya bango, na mahali palipoandikwa «hadi saa 20» pasome kama saa 20 katika hali nzuri kuliko zote. Kwa pesa za simu, usiulize gharama ya kutuma peke yake, uliza na ya kutoa, kwa kuwa utumaji wa bure unaweza kumwachia makato mzazi anayepokea kule Likasi. Na kwa kifaa chochote chenye betri, mwombe muuzaji akichomeke mbele yako, kisha aandike kwenye fakitire (hati ya mauzo) uwezo aliokutajia, tarehe, na siku ambazo atakubali kukirudisha, halafu ndipo umhesabie franka zake.