Stima Ikipotea: Tunavyofanya Kazi Kwenye Duka Letu la Kushona

Nashona sare za shule karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Nina cherehani mbili za umeme na moja ya kukanyaga. Zamani stima ikipotea tulitoka nje na viti tukapiga gumzo. Kisha ikaja ile Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, nchi nzima ikaingia gizani, nasi tunadaiwa sare za watoto wanaofungua shule Jumatatu. Mashati yameshonwa, hayana vifungo. Nilijilaumu sana kwa gumzo lile, na tangu hapo tunafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Weka kikapu

Kinakaa chini ya meza ya kukatia. Humo tunatupia kila kazi isiyotaka umeme: vifungo, pindo za mkono, nguo za kufumua. Stima ikiwepo, hakuna anayegusa kikapu, labda mwenye nguo awe amesimama mlangoni.

Hatua ya 2: Chomoa plagi

Zote, hasa ya pasi. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza mota. Halafu chungulia nje. Kinyozi akiwa mlangoni na mteja wake kanyolewa nusu kichwa, ni mtaa mzima. Ukisikia mashine yake inalia, angalia mita, pengine ni tokeni zako zimeisha.

Hatua ya 3: Piga simu

Mpigie mteja kabla hajapanda matatu. Mtajie siku, usimwambie "baadaye". Ukiwa bado na simu mkononi, watafute na wale waliosahau nguo zao.

"Mama, sketi ya mtoto iko tayari tangu mwezi jana."

"Woi, fundi! Hata nilidhani nilishaichukua."

Alikuja jioni hiyohiyo na salio lake.

Hatua ya 4: Kata kungali na mwanga

Sogeza meza mlangoni. Anza na vitambaa vyeusi na bluu nzito, kwa sababu saa kumi na moja chaki haitaonekana vizuri. Usipange tabaka nyingi kuliko unavyoweza kumaliza, maana kazi ya kukata ikiachwa katikati vitambaa huteleza, na kipande cha chini hutoka kifupi.

Hatua ya 5: Safisha cherehani

Hapa ndipo wengi wetu ni wavivu. Fungua bamba lililo chini ya sindano. Utakuta vumbi la nyuzi limegandana kama sufi kuzunguka nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Litoe kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, unalisukuma ndani zaidi na kuacha unyevu kwenye chuma. Pitisha ncha ya sindano juu ya ukucha: ikikwaruza, itupe. Tia tone moja la mafuta kwenye kila tundu la mafuta la cherehani, kisha zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Bobini tupu tunazijaza kwa cherehani ya kukanyaga, mradi ni za saizi moja.

Hatua ya 6: Vifungo

Hivi vinaweza kungoja hata taa ya sola. Kwa sweta na kitambaa kizito, laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukipitisha nyuzi juu yake, kisha ichomoe. Vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake mara tatu, ufunge. Kinapata shingo, na hakikatiki mtoto anapokivuta kwa haraka.

Stima ikirudi

Usirukie mashine. Ngoja kama dakika tano, mara nyingi inarudi na kupotea tena. Malizia tabaka ulilokuwa unakata. Kisha shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaishe kwenye uzi. Mimi niliruka hatua hiyo siku moja, na mashati mawili meupe yakatoka na mstari wa mafuta kifuani. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa zangu.