PV = nRT: kabla hujauliza "nimekosea wapi", pitia hapa

Swali halibadiliki: "Jibu langu halifanani na la kitabu." Tulimalize leo. PV = nRT ni kanuni ya gesi: P ni presha, V ujazo, n moli (kipimo cha kiasi cha dutu), R namba thabiti ya gesi, T jotoridi kwa kelvini. Mfano: magnesi gramu 0.12 imetiwa kwenye asidi ya haidrokloriki ya kutosha. Haidrojeni imekusanywa juu ya maji kwa 27°C, presha ya hewa milimita 760 za zebaki. Tafuta ujazo.

1. Sawazisha: Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Moli kwa moli.

2. Moli: 0.12 ÷ 24 (gramu za moli moja ya magnesi) = 0.005.

3. Kelvini: 27 + 273 = 300.

4. Presha. Wengi huzama hapa. Gesi iliyokusanywa juu ya maji ina mvuke wa maji ndani yake, na ile 760 ni ya vyote viwili. Kwa 27°C mvuke una 26.7, hivyo haidrojeni inabaki na 733.3, yaani 733.3 ÷ 760 = atm 0.965 (atm, angahewa, ni milimita 760 za zebaki). ONYO: swali likisema gesi ni kavu, au imekusanywa kwa sirinji bila kupita kwenye maji, usitoe kitu. ONYO la pili: R hufuata vipimo. Atm na lita, 0.0821. Kilopaskali na lita, 8.314. Ukichanganya 8.314 na atm, ujazo unavimba mara 101 na kikokotoo hakitakuambia.

5. V = 0.005 × 0.0821 × 300 ÷ 0.965 = lita 0.128, yaani sentimita za ujazo 128. Ukipata 123, hukutoa mvuke.

MASWALI

*Mkuu mimi napata 11.5, fomula iko sawa kweli?*
Hatua ya 3.

*Mwalimu wetu anazidisha moli kwa 22.4 anamaliza. Ina maana kakosea?*
Sijasema hivyo. 22.4 ni ya 0°C na atm 1. Gesi hii iko 27°C na ina mvuke. Swali la mwalimu wako sijaliona.

*Niko Nairobi. Jaribio hili nikilifanya maabara, niandike 760?*
Swali zuri sana. Hapana. Kwa mwinuko wa huko presha ni kama 620, hivyo kwa 27°C ileile ujazo unafika kama 158. Mvuke unabaki 26.7, maana unategemea jotoridi la maji, si mwinuko. Jihadhari na namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu: kwa kawaida imerekebishwa hadi usawa wa bahari. Soma barometa ya maabara.

*Na maji ndani ya silinda yakiwa juu kuliko ya beseni?*
Basi presha ya ndani ni ndogo kuliko ya nje. Shusha silinda hadi viwango vilingane ndipo usome ujazo. Ikishindikana, pima tofauti kwa milimita, gawanya kwa 13.6 (zebaki ni nzito kuliko maji mara hizo), kisha toa. Maji yakizidi milimita 136, unatoa 10.

*Asante. Hiyo ya 11.5 nimeiona, niliweka 27.*
Sawa.