Kuondoa Nondo Katika Mazulia ya Sufu

Wateja wengi wanaoniletea mazulia niyatengeneze hapa Amu (mji wa Lamu) husema kwamba wameua nondo kila jioni na bado matundu yanaongezeka. Nondo anayeruka hali kitu. Anayekula ni buu wake, naye hujificha gizani akila keratini, ambayo imo katika sufu, nywele na manyoya. Ndiyo maana mkeka wa ukindu uliotandikwa pembeni husalimika.

Hatua ya kwanza ni kupindua zulia na kukagua upande wa chini, hasa palipokaliwa na kabati au sanduku kwa miezi mingi bila kusogezwa. Utando wa nyuzinyuzi na punje mfano wa mchanga, mara nyingi zenye rangi ya zulia lenyewe kwa kuwa ni kinyesi cha sufu iliyotiwa rangi, ni dalili za nondo. Maganda madogo ya hudhurungi yenye vinyweleo ni ya mbawakawa wa mazulia. Tazama na kuta pia: vile vifuko bapa vya rangi ya vumbi, mfano wa mbegu ya tikiti, vinavyoning'inia kwenye chokaa, ndani yake mna buu wa jamaa ya nondo hao.

Hatua ya pili, litoe zulia nje, ulikung'ute taratibu, kisha upitishe mashine ya kufyonza vumbi pande zote mbili na kwenye matamvua. Mfuko wa mashine ufungwe na kutupwa mbali na nyumba siku hiyo hiyo. Zulia kuukuu lisipigwe kwa fimbo, kwani mtande, yaani nyuzi za msingi zinazoshikilia mafundo, ukichoka hukatika.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kuua, na hapo ndipo watu hukosea. Kulianika zulia juani peke yake huwaangusha baadhi ya mabuu na kuchujua rangi, lakini mayai yaliyo ndani hubaki. Njia ninayoiamini ni baridi: likunje kwa kuliviringisha, lifunge katika plastiki nzito huku ukitoa hewa, kisha uliweke katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Mwenye friza kubwa ya samaki anaweza kukukodishia nafasi, mradi plastiki isiwe na tundu, la sivyo utarudi na zulia linalonuka nguru. Umeme ukikatika hata zulia likayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usilifungue kwa muda wa siku nzima, ili unyevu wa hewa yetu ugandie nje ya plastiki badala ya kuingia katika sufu.

Wakati zulia limo katika friza, shughulikia chumba. Fagia nyufa za sakafu, vidaka na nyuma ya makabati, na uondoe nywele za paka, kwa maana mabuu huzila hizo pia, na Amu haina uhaba wa paka. Dawa ya pemethrini hunyunyizwa kwenye nyufa kwa kufuata maelezo ya kopo. Udi hunukiza nyumba tu. Majani ya mwarobaini nayo hayaui mayai. Vidonge vya naftalini hufanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa sana, lakini mvuke wake unadhuru, hivyo visiwekwe katika chumba wanacholala watoto.

Zulia la kuhifadhiwa lioshwe kwanza, kwa kuwa jasho na mabaki ya chakula huwavutia wadudu, ila usilioshe wakati wa masika, kwani halitakauka hadi ndani na litaota ukungu. Likikauka kabisa, liviringishe na ulishone ndani ya bafta safi pasipoachwa upenyo.

Matundu usiyazibe bado. Kagua kila wiki kwa miezi 2, na pasipoonekana punje mpya, mpelekee fundi: kama mtande ni wa pamba, kwa kawaida huwa haujaliwa, naye ataweza kufunga mafundo mapya juu yake.