Somo: Kupaka kingamwili cha EZH2 kwenye tishu, na namna ya kujua rangi unayoiona ni ya kweli

Wakuu, somo hili ni la walio kwenye maabara za histolojia na wanafunzi wa patholojia.

EZH2 ni kimeng'enya kinachobandika methili kwenye histoni H3 (protini inayozungushiwa DNA), kwenye laisini ya 27 (asidi amino iliyo nafasi ya 27). Laisini hiyo ikishapata methili tatu, jeni za eneo lile hunyamazishwa. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi peke yake. Kinawahitaji wenzake EED na SUZ12, na kundi zima huitwa PRC2. Seli zinazogawanyika kwa kasi zinacho kwa wingi, zilizotulia zinacho kidogo au hazina kabisa. Tofauti hiyo ndiyo kinga yako, maana tonsili ya kawaida ina seli za aina zote mbili ndani ya kipande kimoja. Kwa hiyo paka tonsili pamoja na slaidi ya mgonjwa iwe kontroli (kipimo cha kulinganishia), na usisome ya mgonjwa kabla hujaisoma tonsili.

1. Formalini. Kazi nyingi huharibika hapa, kabla hata chupa ya kingamwili haijafunguliwa. Tumia formalini ya 10% yenye bafa, tishu ikae saa 6 hadi 72. Sampuli iliyosubiri gari wilayani kwa wiki kadhaa ndani ya kopo huja antijeni yake (sehemu ambayo kingamwili hushika) imefungwa mno. Na formalini iliyochanganywa na maji matupu bila bafa hugeuka asidi, kisha huacha punje za kahawia iliyokolea kwenye tishu yenye damu nyingi. DAB, yaani rangi inayoonyesha mahali kingamwili kiliposhika, nayo ni kahawia, ndipo watu wanapodanganyika. Punje za formalini hutapakaa ovyo bila kufuata viini vya seli, na utazikuta hata kwenye slaidi ambayo haikutiwa kingamwili.

2. Kukata. Maikroni 3 hadi 4, kwenye slaidi zenye chaji. Kwenye slaidi za kawaida tishu hubanduka wakati wa kuchemsha. Kausha kwenye oveni ya 60°C kwa saa 1. Usikate leo ukapake baada ya miezi, antijeni hufifia.

3. Kutoa nta. Zaileni, halafu alkoholi ya 100%, 95%, 70%, kisha maji. Hapa hakuna siri, ila zaileni iliyochoka ibadilishwe.

4. Kufufua antijeni. Joto hufungua vifungo vilivyowekwa na formalini. Kwa EZH2 mimi huanza na Tris-EDTA ya pH 9.0, wengine hutumia saitreti ya pH 6.0. Karatasi iliyokuja na chupa ndiyo ifuatwe kwanza. Nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20, kisha iache ipoe ndani ya bafa hiyohiyo dakika 20 nyingine. Wenzetu wa Nairobi mwe makini: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Bafa itatokota mbele ya macho yako na bado haijafika 97. Sufuria ya presha inamaliza tatizo hilo, ila punguza muda.

5. Kuzima peroksidesi ya tishu yenyewe. Haidrojeni peroksaidi ya 3%, dakika 10. Ukiruka, chembe nyekundu za damu zitageuka kahawia zenyewe. Osha, kisha weka kizuizi cha protini.

6. Kingamwili. Usichukue kipimo cha maabara jirani. Jaribu michanganyiko mitatu juu ya tonsili, mmoja wa kipimo cha mtengenezaji, mmoja mzito zaidi na mmoja mwepesi zaidi. Dakika 60 kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye 4°C. "Joto la chumba" la mtengenezaji ni nyuzi 20 hadi 25. Dar mwezi wa pili bila kiyoyozi ni habari nyingine, kwa hiyo napenda friji. Slaidi zikae kwenye kasha lenye unyevu, maana zikikauka kingo zote huwa kahawia. Kingamwili kisigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Kigawe kwenye vichupa vidogo siku kinapofika.

7. Rangi. Polima yenye peroksidesi dakika 30, osha, halafu DAB kama dakika 5 huku unaangalia kwenye hadubini. DAB inashukiwa kusababisha saratani: vaa glavu, na usiimwage kwenye sinki. Hematoksilini iwe nyepesi sana. EZH2 hukaa ndani ya kiini, na hematoksilini nayo hupaka kiini. Ikizidi, buluu itafunika kahawia hafifu na utaandika "hasi" kwenye kesi ambayo ni chanya.

8. Kusoma. Kwenye tonsili, vituo vya ndani ya folikuli lazima viwe na viini vya kahawia iliyokolea, na ukanda wa seli ndogo unaovizunguka ubaki buluu kwa sehemu kubwa. Kila kitu kikiwa kahawia, umezidisha. Vituo vikiwa buluu, kazi imekufa. Usitoe ripoti, rudia. Weka pia slaidi ya mgonjwa isiyotiwa kingamwili cha kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Nimepaka uvimbe wa taya wa mtoto unaodhaniwa ni limfoma ya Burkitt, karibu kila kiini kimekolea. Si imethibitika kuwa saratani?

Jibu: Marahaba. Hapana. Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutoka Uganda, ina asili ya seli za vituo vya folikuli na hugawanyika kwa kasi mno, kwa hiyo EZH2 kuwa juu ni jambo la kutarajiwa. Lakini tonsili isiyo na ugonjwa umeiona nayo imekolea. Utambuzi unatoka kwenye sura ya seli, protini za CD20, CD10, BCL6 na Ki-67, na uchunguzi wa jeni ya MYC.

Fundi sanifu, Eldoret: Mkuu, rangi ikikolea ina maana kimeng'enya kina yale mabadiliko ya jeni yaitwayo Y641 ninayoyasoma kwenye limfoma?

Jibu: Kingamwili cha kawaida hakitofautishi. Kinaonyesha protini ipo, hakionyeshi kama imebadilika wala kama inafanya kazi. Y641 hutafutwa kwenye DNA. Ukitaka kuona matokeo ya kazi yake, paka slaidi ya pili kwa kingamwili cha H3K27me3, yaani zile methili tatu kwenye laisini ya 27. Kuna uvimbe mbaya wa ala za neva ambao hupoteza alama hiyo kwa sababu EED au SUZ12 imeharibika, hata kama EZH2 yenyewe haina kasoro.

Mtafiti, Morogoro: Natumia tishu ya panya wa maabara na kingamwili kilichotengenezwa kwa panya. Slaidi nzima kahawia!

Jibu: Kingamwili cha pili kinakamata pia vingamwili vya panya mwenyewe vilivyomo kwenye tishu. Badili, chukua cha sungura, na hakikisha mtengenezaji amekipima kwenye panya.

Dada wa maabara, Mombasa: Uboho wangu hutoka hasi kila mara, tonsili iko sawa.

Jibu: Dada, mnaulainisha mfupa kwa kutumia kitu gani? Kama ni asidi kali, hapo ndipo pa kuanzia. Jaribuni EDTA, ingawa huchukua siku nyingi zaidi, na pitisheni kipande cha tonsili kwenye EDTA hiyohiyo kiwe kontroli yenu.