Namna ya kutambua miamba kwenye chenga za kisima cha baharini

Anayeanza kusoma chenga, yaani vipande vidogo vya mwamba vinavyokatwa kisimani, kwenye mtambo wa kuchoronga huogopa kuuita mwamba jina lisilo lake. Hilo hutokea, lakini husahihishwa upesi. Kosa linaloharibu kumbukumbu za kisima ni kuupa mwamba kina kisicho chake, au kuandika kama mwamba kitu kilichotiwa kwa makusudi kwenye tope, yaani kimiminika kinachosukumwa kisimani na kubeba chenga hadi juu. Ndiyo maana hapa tunaanza na hesabu, hadubini baadaye. Mifano ni ya pwani ya Tanzania, ambako vitalu vya gesi vya kina kirefu kwa sehemu kubwa viko kwenye maji yanayozidi mita 1,000; kwenye kisima cha Zafarani-1, mwaka 2012, yalikaribia mita 2,600.

Chenga zimetoka wapi?

Sehemu ya juu kabisa ya kisima huchorongwa kabla raiza (bomba pana linalotoka sakafu ya bahari hadi kwenye mtambo) haijaunganishwa, na chenga zote humwagika kwenye sakafu ya bahari. Hakuna sampuli. Andika hivyo hivyo, "hakuna chenga", na utegemee kipimo cha mionzi ya gama kilichofungwa karibu na biti, kifaa kinachokata mwamba.

Raiza ikishakaa, tafuta muda wa chenga kupanda kutoka kwenye biti hadi juu: ujazo wa nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta, gawanya kwa lita ambazo pampu inasukuma kwa dakika. Tuseme shimo ni la inchi 8½, bomba la kuchorongea inchi 5, pampu lita 2,000 kwa dakika. Shimo lililo wazi lina lita 24 kwa kila mita. Likiwa mita 500 ni lita 12,000. Kesingi, bomba la chuma linaloshikilia ukuta wa kisima, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 220 ina lita 25 na ushee kwa mita. Kwa mita 2,000 ni karibu lita 51,000. Kufika sakafu ya bahari, basi, ni kama dakika 31. Sasa raiza: kipenyo cha ndani milimita 495, lita 180 kwa mita, na maji ni mita 1,500. Hiyo ni lita 270,000, dakika 135 nyingine. Chenga iliyokatwa saa 4:00 asubuhi utaishika karibu saa 6:46 mchana.

Kwa sababu hiyo kuna pampu ya nyongeza inayosukuma tope chini ya raiza. Ikiongeza lita 2,500 kwa dakika, safari ya raiza inashuka hadi dakika 60. Kila pampu hiyo inapowashwa au kuzimwa, hesabu yako inabadilika, na mchorongaji hatakuja kukuambia. Mwulize mwenyewe, au angalia skrini.

Hesabu ya karatasi hudhani shimo lina kipenyo cha biti. Halina. Udongo hubomoka na shimo hupanuka, hivyo hakiki angalau mara moja katika kila sehemu ya kisima: bomba jipya linapounganishwa, tia mchele mkavu kikombe kimoja ndani ya bomba, kisha hesabu mipigo ya pampu mpaka uuone kwenye chekeche, wavu unaotikisika na kutenga chenga na tope. Toa mipigo ya kushuka ndani ya bomba hadi kwenye biti. Kinachobaki ndicho muda wa kweli. Kabidi ya kalisi pia hutumika, kwa kuwa gesi yake husomwa na kipima gesi, ila inahitaji maji. Kwenye tope la mafuta usiitegemee.

Kuchukua na kuosha

Weka ubao au ndoo chini ya mdomo wa chekeche ili ikusanye kidogo kidogo kwa urefu wote wa sampuli, kwa mfano mita 5 kwa kawaida na mita 3 au chini ya hapo ukikaribia mwamba hifadhi, ule unaoweza kuwa na gesi au mafuta. Ukichota konzi moja ya mwisho tu, umechukua sentimita chache za mwamba na kuziita mita tano. Baada ya kuchota, safisha ubao kabisa.

Mchanga mlegevu hupenya wavu wa chekeche. Kama kasi ya kuchoronga imepanda ghafla na chekeche linaonyesha udongo tu, nenda kwenye mashine za kutenga mchanga na silti uchukue sampuli huko pia.

Tope la maji huoshwa kwa maji, tena polepole, maana udongo laini utayeyuka mkononi na kukuachia mchanga mtupu usiowakilisha chochote. Tope la mafuta huoshwa kwanza kwa mafuta yale yale ya msingi, kisha sabuni, kisha maji. Pitisha kwenye nyavu mbili, wa juu milimita 2 hadi 5, wa chini milimita 0.1 hivi. Kilichobaki juu kwa kawaida ni mabonge yaliyoporomoka kutoka ukutani. Kiangalie lakini usikihesabu kwenye asilimia. Kilichobaki chini ndicho cha kusoma. Kisome kikiwa bado kibichi, kwa sababu rangi hupauka kikikauka.

Chini ya hadubini

Ukuzaji wa mara 10 hadi 40 unatosha. Uwe na sindano, asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, fenofthalini (kemikali ya kutambua saruji), sumaku na taa ya urujuanimno. Asidi kali ya asilimia 37 huchanganywa sehemu moja kwa tatu za maji: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake, na miwani iwe usoni.

*Mwamba wa udongo.* Huu ndio utakaouona siku nyingi. Mashapo ya Kretasia na Paliojini (vipindi vya kale vya jiolojia) ya pwani ya kusini, yale yale yanayoonekana nchi kavu Kilwa na Lindi, yana udongo mwingi wa kijivu cha kijani, na ndani yake foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini, waliohifadhika vizuri ajabu, magamba yao angavu kama kioo. Usiwapite; mtaalamu wa visukuku anaweza kuwatumia kukuambia uko umri gani wa mwamba. Choma kipande kwa sindano: laini huingia, kigumu hupasuka kwa tabaka. Tone la asidi litaonyesha kama una chokaa ndani.

*Mwamba wa mchanga.* Chembe ni milimita 0.06 hadi 2. Chini ya hapo ni silti. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, imo kwenye mchanga wa Kretasia ya Awali. Andika kwa mpangilio uleule kila mara: jina, rangi, ugumu, ukubwa wa chembe, upangwaji (chembe zinalingana ukubwa kiasi gani), umbo, kinachozigandisha, madini mengine, vitundu, dalili za mafuta kama mng'ao chini ya taa ya urujuanimno. Mfano: "Mwamba wa mchanga: kijivu cheupe, hulika kwa sindano, chembe ndogo hadi za kati, zimepangika kiasi, pembe zimeanza kulika, kwatsi angavu, chokaa kidogo, ulanga na glaukonaiti kwa uchache, vitundu vizuri, hakuna mng'ao." Biti za kisasa za almasi husaga mchanga uliogandishwa hadi ukawa chembe mojamoja na unga, tafuta vipande viwili vitatu ambavyo bado vimeshikana, ndivyo vitakavyokueleza kilichozigandisha.

Ikiwa chenga ni mchanga lakini kipimo cha gama kinasoma juu kama udongo, usifute ulichoona. Madini kama felspa ya potasiamu, ulanga na glaukonaiti hupandisha gama, na hata tope lenye kloridi ya potasiamu hufanya hivyo.

*Chokaa na dolomaiti.* Chokaa huchemka papo hapo kwenye asidi, kipande kikarukaruka. Dolomaiti husubiri, vipovu vidogo hutoka ukikiponda kipande au ukipasha asidi. Chokaa chenye udongo mwingi huacha povu chafu. Kipande kilichopakwa mafuta hakichemki inavyopaswa, kwa hiyo osha upya kabla ya kuhukumu. Ukiwa upande wa Kenya, ukumbuke kisima cha Sunbird-1 cha mwaka 2014, ambako lengo lilikuwa mwamba-tumbawe wa Miosini, si mchanga.

*Chumvi ya mawe na anihaidraiti.* Chumvi ipo katika bonde la Mandawa, pwani ya kusini mwa Tanzania. Kwenye tope la maji lisilojaa chumvi hutaona chenga zake, zinayeyuka njiani. Dalili ni kloridi kupanda kwenye tope, kasi kubwa, na chenga kupungua. Anihaidraiti ni nyeupe, haichemki. Iyeyushe kwenye asidi ya moto juu ya kioo, iache ikauke: sindano ndogo za jasi zitajitokeza.

*Gumegume na basalti* hutambulika hata kabla ya kufika juu: kasi hufa. Gumegume hukwaruza kioo na lina mpasuko wa mviringo. Basalti ni nyeusi au kijani kizito.

Vitu vinavyojifanya mwamba

Saruji ndiyo mdanganyifu mkuu. Baada ya kutoboa kiatu cha kesingi, yaani ncha yake ya chini, utaikuta kijivu, nayo huchemka kwenye asidi kama chokaa. Tone la fenofthalini huigeuza waridi. Chokaa cha kweli hakigeuki. Tope likiwa limewahi kupotea kisimani, waulize wamelitia nini: maganda ya njugu yaliyosagwa, ulanga na unga wa chokaa hutumika kuziba nyufa. Lignaiti inayotiwa kwenye tope hufanana na makaa ya mawe. Vyuma vilivyosagika huvutwa na sumaku, na vikizidi mjulishe mchorongaji.

Chini ya taa ya urujuanimno, kalisaiti na dolomaiti zenyewe zinaweza kung'aa, na tope la mafuta pia. Weka kimumunyisho: mafuta ya kweli hutiririsha rangi, madini hayatiririshi. Gesi ya pwani ya Tanzania ni kavu, zaidi ya asilimia 95 ni methani, hivyo mchanga uliojaa gesi unaweza usionyeshe mng'ao wowote. Hapo kipima gesi ndicho shahidi.

Kuweka mpaka wa mwamba

Asilimia kubwa haionyeshi mwanzo wa tabaka. Chenga za juu huendelea kutoka kwa muda, hivyo mchanga mpya utaonekana kwanza kama asilimia 10, kisha 40, kisha 80. Mwanzo ni pale ulipojitokeza mara ya kwanza, ukithibitishwa na badiliko la kasi na gama.

Mabonge yanayotoka ukutani nayo yana habari. Marefu, membamba, yaliyopinda kama kibanzi humaanisha shinikizo la mwamba linazidi lile la tope. Usisubiri ripoti ya asubuhi. Piga simu kwenye sakafu ya mtambo mara moja, taja kina, ukubwa wa mabonge na kiasi kilichotoka kwa dakika 15 zilizopita, kisha rudi kuhesabu tena.