SOMO: Kuandaa shindano la mashairi na vihadithi bila watu kununiana

Wakuu, hii naandika mara moja tu, siku nyingine mtu akiniuliza namtupia hii naondoka zangu. Kila baada ya muda lazima aje mtu inboksi, "mkuu nataka kuandaa ka shindano kwenye kundi letu la waandishi, naanzaje?" Namjibu kwa kirefu, anashukuru sana, wiki mbili baadae karudi, watu wamenuniana. Namuuliza majina ulificha? Kimya.

Nazungumzia shindano la kirafiki. Hakuna hela, hakuna majaji wa kuitwa, ni watu kumi na kitu mpaka ishirini wanaojuana kwa lakabu, wanaandika kitu kifupi, wanapigiana kura wenyewe kwa wenyewe na wanacheka. Kama la kwako lina zawadi nono tafuta somo lingine, pesa ikiingia mambo yote hapa yanabadilika.

1. Mwandaaji hashindani. Ukiwashwa mkono andika, weka ya kwako chini kabisa bila namba.

2. Mashairi kivyake, vihadithi kivyake. Ukivichanganya anayependa mashairi atapigia shairi lolote na wa hadithi hivyo hivyo, hakuna anayesoma.

3. Mada iwe kitu kinachoshikika. Niliwahi kutoa mada "Maisha" nikavuna mahubiri, karibu kila mtu kaanza na maisha ni safari. Awamu iliyofuata nikatoa "ufunguo usiofungua mlango wowote", mmoja kaandika mjane, mwingine nywila ya simu ya marehemu, na kuna mmoja alifungua shairi lake na

Ufunguo ninashika, mlango siukumbuki

mpaka leo huo mshororo uko kichwani kwangu. Ni mada tu hiyo, watunzi ni wale wale.

4. Urefu. Beti 3 mpaka 5 kwa shairi la kimapokeo, shairi huru lisizidi mistari 20, kihadithi kisizidi maneno 100. Sema mapema utahesabu kwa programu gani, maana kuna programu ikiona kistari kimesimama peke yake na nafasi huku na huku inakihesabu kama neno, mtu anakuja na 100 yake wewe unaona 103, mnaanza kubishana kuhusu vistari.

5. Muda. Siku kumi za kuandika na nne za kura zinatosha, ukiongeza watu wanasahau. Ila saa ya mwisho iandike kwa maneno. Mi niliandika "mwisho Jumapili saa 12" nikaona nimemaliza. Wengine wakaelewa saa kumi na mbili jioni, wengine simu zao zinasoma Kiingereza wakaelewa saa sita usiku, na mmoja alituma mchana akijua kachelewa akaomba radhi! Na hapo hujamgusa anayeishi nchi ambayo saa zake ziko tofauti. Siku hizi naandika hivi: mwisho ni saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu, yaani 00:00, saa za Afrika Mashariki. Ukisema "Jumapili usiku" peke yake utaulizwa usiku upi.

6. KUFICHA MAJINA. Hapa taratibu, hapa ndo niliharibu mimi. Nilidhani kuficha majina ni kufuta jina pale juu ya kazi basi. Nikapokea mashairi tisa, nikakopi nikapesti, nikayapa namba 1 mpaka 9, nikalala usingizi wa mwadilifu. Asubuhi nakuta watu wanacheka. Namba 4, ubeti wa mwisho:

Tamati nimefikia, jina mnalitambua,
Fundi Kalamu nalia, wenzangu mwanisikia

Kasaini kabisa, kwa vina na mizani! Na sikuona kwa sababu nilisoma beti mbili za juu nikaruka. Sasa Fundi Kalamu ni mtu anayependwa, kura zikammiminikia, na sijui mpaka leo zilikuwa za shairi au za mtu. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa dada mmoja mgeni, shairi lake la kwanza kabisa kulionyesha watu. Aliandika neno moja tu chini ya matokeo, "sawa". Hajaleta kitu tena. Lile shairi lake nimelirudia mara nyingi na lilikuwa zuri kuliko la Fundi, nasema hivyo wazi na Fundi mwenyewe anajua.

Kwahiyo: ubeti wa mwisho usome wa kwanza. Kazi zije inboksi tu, asiweke mtu hadharani. Zije kama maandishi, sio faili (jina la faili linamtaja mwenyewe) na sio picha ya daftari, mwandiko wa watu tunaujua. Yule anayeandika xaxa badala ya sasa mwambie aandike kama binadamu, vinginevyo kijiji kizima kitamjua. Na anayekuja kusema "yangu iko pale pale katikati, mtaiona" onyo moja, la pili kazi inatoka. Usione aibu kuitoa.

Na usimsahihishie mtu bila kumuuliza. Ukiona "walokuja" ukaweka "waliokuja" umemuongezea mizani (silabi) moja na shairi limekuwa guni, yaani mizani hazilingani, na watu watamcheka yeye, sio wewe.

7. Weka kazi zote kwa mpigo, umezichanganya. Ukizipanga zilivyoingia, wenye kujua nani huwahi watakisia.

8. Kura kwa siri kwa mwandaaji. Kila mtu anachagua tatu, alama 3, 2 na 1, hajipigii. Kura za wazi watatu wa kwanza wakichagua namba 7 wote waliobaki wanafuata kundi. Kila kura ije na sentensi moja, nini kimekugusa na kipo mstari gani. Aliyeleta kazi asipopiga kura, yake haihesabiwi alama. Hili liseme tangu siku ya kwanza, ukilileta mwishoni utaitwa dikteta.

9. Matokeo taja tatu bora basi. Jedwali zima la nini, ili aliyepata 0 ajione? Halafu ndo unafichua majina, na kila mtu unamtumia zile sentensi walizoandika wenzake kuhusu kazi yake. Aliyeshika mkia akipata sentensi mbili za maana anarudi.

10. Mshindi anatoa mada ijayo. Ndo zawadi hiyo.

Maswali chini. Tafadhali soma kwanza.

—

Jembe: Safi sana mkuu. Natuma wapi kazi yangu na dedilaini ni lini

> Jembe hili ni somo la KUANDAA. Hakuna shindano hapa.

NdotoZaMchana: Yale maneno 100, kichwa cha hadithi kinahesabiwa? Alafu mi naona 100 ni mengi kwa Kiswahili au ni mimi tu

> Kichwa hakihesabiwi, ila kisizidi maneno matano, kuna wajanja wanahamishia hadithi nusu kwenye kichwa. Hilo la pili umeona vizuri. Lugha yetu inabeba sana ndani ya neno moja. Kuna mtu kwetu alileta hiki: "Tiki za bluu. Simu tulimzika nayo jana." Maneno saba. Angalia hilo "tulimzika", lina sisi, lina wakati uliopita, lina yeye, lina kaburi, na ni neno moja. Jaribuni awamu ya maneno 50, sisi tulifanya na hakuna aliyelalamika.

NdotoZaMchana: Duh hiyo ya tiki imenikaa. Na mtu akiunganisha maneno kusudi ili apunguze hesabu?

> Kama kamusi inayaandika mbali, yanahesabiwa mbali. Mtu aliwahi kuniletea "hatahivyo" na "ilamradinisubiri", nikamrudishia.

MzeeVina: Nimesoma kwa makini. Hapo namba 6 umekosea mwanangu. Kutaja jina ubeti wa mwisho sio kosa la mtunzi, ndivyo utunzi ulivyo, tenzi nyingi za zamani zinafunga kwa jina la mtunzi na hata idadi ya beti. Unamfundisha kijana kuona aibu ya kusaini kazi yake.

> Shikamoo mzee. Sijasema ni kosa la mtunzi, nimesema kosa lilikuwa langu mimi mwandaaji. Na sijamkataza mtu kusaini maisha yake yote, nimemuomba siku nne tu za kura.

MzeeVina: Marahaba. Lakini ukimtolea ubeti wa tamati unamuachia shairi kigutu.

> Hapo nakubali, nilijibu kwa haraka. Tufanye hivi, mtunzi alete tamati mbili, moja ya kura haina jina, nyingine inarudi mahali pake siku ya matokeo. Naongeza kwenye sheria zetu, asante mzee.

BintiWino: Samahani swali langu linaweza kuwa la kitoto. Mi naandika mashairi huru, nataka kujaribu ya vina, lakini mizani zinanichanganya. Neno kama "mtu" ni moja au mbili? Nikiandaa shindano nitahukumuje wengine na mwenyewe sijui

> Sio la kitoto, kuna watu wanaandika miaka na wanakosea hapo. Hesabu silabi, sio herufi. M au N ikitamkwa kivyake ni mizani yake: mtu ni m-tu, mbili. Nchi ni n-chi, mbili. Lakini ndugu ni ndu-gu na mbuzi ni mbu-zi, pale imeshikana na herufi inayofuata. Hata katikati ya neno, amka ni a-m-ka, tatu. Gonga meza huku unatamka pole pole, kidole kitakwambia. Ule mshororo wa ufunguo ujaribu, u-fu-ngu-o-ni-na-shi-ka nane, m-la-ngo-si-u-ku-mbu-ki nane. Utata uko kwenye maneno kama labda na daftari, wengine wanaipa ile b au f mizani yake na wengine wanaimeza. Sisi tumeamua shaka inamfaidisha mtunzi. Amueni lolote, ila kabla ya kazi kuingia.

BintiWino: Aisee nimegonga meza mpaka mama kauliza kulikoni 😂 asante sana

Kisagalima: Kura zikilingana?

> Angalia nani ana alama 3 nyingi. Zikilingana tena wote washindi, kila mmoja atoe mada.

Kisagalima: Na kazi zikija nne tu

> Endesha. Kila mtu achague mbili badala ya tatu. Kuahirisha kunaua kundi kuliko uchache.

Pweza: Kwetu kuna mtu tunahisi anatumia akili mnemba (AI), kila wiki analeta vihadithi vimenyooka kama rula. Tumfanyeje

> Mnahisi au mnajua? Andikeni kwenye sheria kwamba kazi iwe ya mkono wa mtu, halafu basi. Mkianza kuchunguzana mtamtuhumu mtu anayeandika vizuri tu, na huyo hamtamrudisha. Hakuna zawadi, anajidanganya mwenyewe.

Pweza: Na mimi niliwahi kupata 0 huko kundini kwa sababu hamna anayenipenda

> Ulipiga kura?

Pweza: Nilikuwa bize

> Soma namba 8.

NdotoZaMchana: Swali la pembeni, kazi niliyoshinda nayo kundini naweza kuipeleka kwenye jarida baadae?

> Swali zuri na ningetakiwa kuliandika juu. Soma masharti yao. Majarida na mashindano mengi hayataki kazi iliyokwisha kuchapishwa, na wapo wanaohesabu hata iliyowekwa mtandaoni mahali ambapo yeyote anaona. Kwahiyo kundi liwe la kufungwa, na mwandaaji akubali kufuta kazi baada ya matokeo mtunzi akiomba. Ile unayoiona ina bahati ya kwenda mbali ifiche, shindanoni lete nyingine.

MzeeVina: Na mimi nitoe la pembeni. Nikisoma mashairi kumi huwa naanzia la mwisho napanda juu, kisha siku ya pili naanzia juu. Yale ya chini huwa yanasomwa na macho yaliyochoka.

> Hii naiiba mzee. Nitaiweka kwenye maelekezo ya kupiga kura.

MzeeVina: Iba. Na huo ufunguo wenu umeachwa na mshororo mmoja, haufai kukaa hivyo.

Ufunguo ninashika, mlango siukumbuki
Nyumba ilishabomoka, na mimi humo sitoki

> Mzee 🙌🏾

BintiWino: Jamani naomba nijaribu, nimegonga meza

Kila ninapoamka, kitasa hakioneki

> BintiWino! Na "amka" umeitumia kusudi, nimekuona. Nane na nane. Wa nne nani sasa, tufunge ubeti?

Jembe: Jembe hapa nimefika, wala mimi sibanduki

> JINA!!